Jiwe la Nyumbani Lisidharauliwe

Mwanafunzi wa sanaa wa Meru au Embu anapoambiwa achonge jiwe, aghalabu fikira zake huruka hadi Tabaka, Kisii. Si ajabu. Jiwe la sabuni la huko limetuletea sifa, na kazi ya Elkana Ong'esa imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Hata hivyo, sifa hiyo isitufumbe macho. Jiwe la sabuni huchongeka kwa urahisi kwa kuwa lina talki kwa wingi. Katika kipimo cha ugumu alichobuni Friedrich Mohs mwaka 1812, talki ni 1 na almasi ni 10. Ukucha huikwaruza talki. Kwa hiyo jiwe hilo lafaa zaidi vinyago vya ndani kuliko sanamu ya uwanja wa shule, inayopandwa na kugongwa na watoto kila siku.

Nasi tumekalia mawe ya aina nyingine. Miinuko ya Embu na Meru ina mawe ya volkano ya Mlima Kenya na Nyambene, ilhali nyanda za Mbeere na Tharaka zina naisi ya kale. Basalti ni ngumu, na pengine ina vitundu vilivyoachwa na gesi. Haikubali nakshi ndogondogo, lakini hustahimili mvua. Naisi ina mistari. Anayeipiga tindo bila kuichunguza mistari hiyo aweza kupasua kazi ya wiki nzima. Jiwe la majivu ya volkano yaliyogandamana huwa laini zaidi, nalo lamfaa anayeanza.

Walimu wenzangu, tuwapeleke wanafunzi machimboni kabla ya kuagiza jiwe la mbali. Walilowesha maji, nyufa hujitokeza. Wakiligonga kwa nyundo, jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu. Tusisahau pia kwamba vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu. Basi wachonge nje, jiwe likiwa limeloweshwa, na pua na mdomo vikiwa vimekingwa kwa barakoa madhubuti.

Kwa Kimeru jiwe huitwa *iiga*, neno lenye asili moja na *figa* la Kiswahili, lile jiwe linalobeba chungu mekoni. Wazee wetu walijua jiwe lipi huhimili moto na lipi hupasuka. Ujuzi huo wa kuchagua ndio somo la kwanza la uchongaji, na mwanafunzi asiyefunzwa hulipia ujinga wake kwa jasho, na pengine kwa afya yake.