Nyumba ya Mlowezi na Namba Iliyofichwa

Makumbusho ya historia ya mahali huzungumza kwa vitu: kitanda, taa, sahani, bunduki ukutani. Lakini ipo amali isiyoweza kuwekwa kabatini, nayo ni lugha iliyosemwa baina ya wenye nyumba na watumishi wao. Mfano mwafaka ni Makumbusho ya Karen Blixen, karibu na vilima vya Ngong, jijini Nairobi. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Msweden, Åke Sjögren. Blixen, mwandishi Mdenmark, aliishi humo tangu 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa liliposhindwa. Baada ya uhuru wa 1963, serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Nyumba ya namna hii humweka mtazamaji katika nafasi ya mgeni wa mwenye nyumba. Huingia kwa mlango wa mbele, akapita sebuleni na kutazama vilima kutoka barazani. Kazi iliyoiendesha nyumba haionekani kwa urahisi hivyo. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka Waafrika walioishi katika mashamba ya walowezi wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Waliitwa maskwota, ingawa Blixen mwenyewe, katika kitabu chake cha 1937, alikiri kwamba wengi wao walizaliwa pale, na baba zao kabla yao.

Mlowezi huyo na wafanyakazi wake, wengi wao Wakikuyu, walielewana kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya upande wowote. Katika kitabu hichohicho, Blixen anasimulia jinsi kijana Msweden alivyomfundisha kuhesabu. Neno "tisa" lilifanana na neno la aibu masikioni mwa Msweden. Kijana akaona haya, akasema Kiswahili hakina namba hiyo. Blixen aliamini hivyo kwa muda, hata akaanza kuustaajabia mfumo huo wa hesabu, hadi wengine walipomfunulia ukweli.

Kisa hicho huchekesha, lakini kina funzo zito. Lugha iliyodhaniwa kukosa tisa ilikuwa nazo mbili: "tisa", lenye asili ya Kiarabu, na "kenda", la asili ya Kibantu. Isitoshe, "kenda" ndilo neno la Kikuyu pia. Jibu lilikuwa vinywani mwa watu wa shambani. Aliyeulizwa ni mgeni mwenziwe.

Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiswahili azurupo nyumba ya mlowezi hana budi kuuliza zaidi ya nani aliketi juu ya kiti. Aulize pia nani aliyekifuta vumbi, aliamrishwa kwa maneno gani, na alijibu nini.