Vikao sita kwenye benchi

Mwaka 2006, madaktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe walihesabika kwa vidole. Mmoja wao, Dk. Dixon Chibanda, alipotaka kuanzisha huduma Mbare, kitongoji kikongwe cha Harare, hapakuwa na chumba wala muuguzi wa kumpa. Akaanza na akina bibi 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa mtaa, na benchi la mbao nje ya kliniki. Ndivyo lilivyozaliwa Benchi la Urafiki.

Wengi wakisikia habari hii husifu busara ya wazee. Busara ipo, ila kwangu mimi nguvu ya benchi iko kwingine. Bibi hafundishwi kutoa nasaha, anafundishwa kuzizuia. Na hilo, kwa mtu aliyelea watoto na wajukuu, si jambo dogo.

Anayefika kliniki huulizwa kwanza maswali 14 ya Kishona: juma lililopita umekosa usingizi? Umelia? Umewaza kupita kiasi? Akijibu ndiyo kwa maswali mengi, anapelekwa kwa bibi. Tuseme ni mama mwenye mambo matatu: kodi ya chumba imelala miezi miwili, mume kaondoka, na dawa zake za ARV anazificha kwa mawifi. Bibi anasikiliza yote, kisha anamwomba achague moja tu. Mama anachagua kodi. Hapo mimi na wewe tungerukia kumwambia la kufanya. Bibi anauliza, 'Wewe unaona inawezekana vipi?' Mama anataja njia kadhaa, nyingine hazifai na mwenyewe anaziacha, mpaka wanakubaliana kwamba kabla ya Jumamosi atamwendea mwenye nyumba aombe kulipa kidogo kidogo. Kikao kijacho kinaanzia hapohapo: ulikwenda? Alisemaje? Kama alikataa, wanatafuta njia nyingine.

Kodi ikilipwa, mume hajarudi na siri ya dawa bado ni siri. Lakini sonona humfanya mtu aamini kwamba lolote atakalofanya halitabadilisha kitu, na imani hiyo maneno matupu hayaiondoi. Inapungua pale mkono wake mwenyewe unapofungua fundo moja. Ndiyo maana vikao sita vinaweza kutosha: mgonjwa anaondoka na njia ya kufikiri atakayoitumia kwa fundo la pili na la tatu bila bibi.

Matokeo yalipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 kwa waliokaa na bibi, na karibu asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Kenya nako, utafiti wa mwaka 2017 uliwafuata wanawake 421 wa Nairobi waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii waliwapa vikao vitano tu, na msongo wao ulipungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida, ingawa si kwa kiwango kikubwa kama cha Harare.

Benchi halitibu kila kitu. Anayetaka kujiua, au anayesikia sauti zisizokuwepo, anahitaji kupelekwa ngazi ya juu ya matibabu siku ileile, na bibi anafundishwa kumtambua. Sasa ukimpeleka juu, huko juu awepo mtu. Pia bibi mwenyewe hubeba mengi anayosikia, na anahitaji mtaalamu wa kukaa naye mara kwa mara wapitie kesi ngumu. Tanzania na Kenya tuna wahudumu wa afya ya jamii tayari, na kuwafundisha vikao hivi huchukua siku chache. Mshahara wa huyo mtaalamu wa kuwasimamia ndio unaosahaulika kwenye bajeti, nami ningeuandika kwanza, kabla ya gharama za mafunzo na kabla ya benchi lenyewe.