Mnoa visu na tairi lako la nyuma

Mnoa visu wa mitaani akipata mteja hufanya hivi: huinua gurudumu la nyuma la baiskeli yake kwa stendi, hukaa kitini, kisha hukanyaga pedali bila kwenda popote. Mkanda wa mpira uliozungushwa kwenye rimu ya pembeni, iliyofungwa kwenye spoku, huliendesha jiwe la kunolea. Cheche zinaruka, panga linang'aa. Tairi lenyewe linazunguka hewani bila kugusa kitu, na jioni linarudi nyumbani na kashata zake zote.

Nilimkumbuka siku kijana mmoja wa hapa Tunduma aliponiletea tairi la baiskeli ya mashindano. Katikati lilikuwa na kipara cha upana wa kidole, laini kama kioo, ilhali pembeni mpira ulikuwa bado mpya kabisa. "Shikamoo mzee. Hili nimeuziwa feki? Mwezi haujaisha, na sijatoka nalo hata nje." Alikuwa amenunua stendi ya mazoezi ya mtumba, ile inayobana ekseli ya nyuma na kusukuma rola ya chuma dhidi ya tairi, ili mtu apige pedali sebuleni.

Tairi halikuwa feki. Na kwa kufanyia mazoezi ndani simlaumu. Mlowo, Vwawa na Tunduma zote zimekaa kwenye barabara ileile ya TANZAM, na malori ya kwenda Zambia na Kongo hayana subira na mwendesha baiskeli. Ongeza mvua zetu za Novemba hadi Aprili, utaelewa kwa nini mtu atafute stendi.

Shida iko pale mpira unapokutana na chuma. Barabarani tairi hukaa juu ya ardhi tambarare, linalalia eneo pana kiasi, na upepo unalipooza. Kwenye stendi linakutana na kirola chembamba kinacholibonyeza kwa ndani, kwenye mstari uleule, mzunguko baada ya mzunguko. Kama rola ina kipenyo cha milimita 40 na gurudumu lina milimita 670, kila gurudumu likizunguka mara moja rola inazunguka karibu mara 17. Mpira unakunjwa na kukunjuka papo hapo, unapata joto, unalainika, unabanduka. Ule unga mweusi unaoukuta sakafuni ndiyo pesa yako.

Lakini joto peke yake halingemaliza tairi kwa mwezi mmoja. Kilichomaliza la kijana ni kuteleza. Nilipomuuliza anajaza upepo lini, alinitazama kama niliyemuuliza habari za mwaka juzi. Tyubu hupoteza upepo kidogo kidogo hata baiskeli ikiwa imesimama tu. Skrubu ya rola ilibaki palepale alipoikaza siku ya kwanza, tairi likanywea, na kila alipokurupuka kukanyaga kwa nguvu gurudumu liliisugua rola kabla ya kuishika. Hapo stendi inageuka msasa.

Barabarani uzito wako ndio unaolikandamiza tairi. Kwenye stendi ekseli imebanwa, uzito wako unabebwa na vyuma, na kinacholikandamiza tairi ni ile skrubu. Maana yake uchakavu uko mkononi mwako.

Kwa hiyo pampu kwanza, skrubu baadaye. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kila mara kabla ya kupanda, tairi likiwa baridi. Sogeza rola mpaka iguse, kisha ongeza mizunguko miwili hivi ya skrubu. Halafu shika rola isizunguke na ujaribu kulisukuma gurudumu kwa mkono. Likiteleza kirahisi, kaza kidogo. Likigoma, acha hapo. Kukaza zaidi ni kununua joto.

Vumbi letu nalo lina lake. Baiskeli iliyotoka nje ifutwe tairi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na rola pia. Usitumie mafuta ya taa, yanauharibu mpira.

Tairi lenye kashata kubwa halifai kwenye rola: linapiga kelele kama mashine ya kusaga na linaisha upesi. Tumia la uso laini. Yapo matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya stendi, ya mpira mgumu unaovumilia joto, lakini usitoke nayo barabarani, hasa kukiwa na maji, maana hayashiki lami. Ukikosa hayo, teua tairi lako la zamani liwe la kuumia ndani, mradi nyuzi hazijaanza kuonekana.

Na usifanye kosa ninaloliona kila wiki, la kuhamishia mbele tairi lililoisha nyuma eti "likapumzike". La nyuma likiteleza unaweza kujiokoa. La mbele likiteleza unaangukia uso. Jipya liende mbele, la mbele lirudi nyuma.

Zipo stendi ghali zaidi ambazo unavua gurudumu zima la nyuma na mnyororo unashika giya za stendi yenyewe. Hizo hazilili tairi kabisa. Ni akili ileile ya mnoa visu, ila bei ndiyo tofauti. Wewe mwenye rola, ukimaliza mazoezi legeza skrubu kwanza, tairi lisilale limebonyea, ndipo ujifute jasho.