Sanduku lina makufuli matatu, na faili ya kikundi je?

Wamama wa vikundi vya kuweka na kukopeshana wanalijua sanduku la AVEC. Makufuli ni matatu, funguo zinashikwa na wamama watatu, na yule anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Vikundi vya namna hii vilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE.

Sasa daftari linahama. Katibu anapiga picha ukurasa, anautuma kwa WhatsApp, kijana wa duka la fotokopi anauandika kwenye ordinatere na kuutia kwenye fulashi. Siku ya kugawana ikifika, faili haionekani. Minong'ono inaanza: nani ameifuta? Kikundi kinaweza kuvunjika hapo, na mara nyingi hakuna aliyefuta kitu. Faili ipo, ila hakuna anayejua inakaa wapi.

Kila faili ina njia yake, kama unavyomwelekeza mgeni: mtaa, uwanja, mlango. Kwenye Windows njia inaanza na herufi. C kwa kawaida ni ordinatere yenyewe. Fulashi inaweza kuitwa D hapa, na duka la jirani ikaitwa E. Kwa hiyo kusema tu "iko kwenye D" ni kama kusema "nyumba ya pili" bila kusema kutoka wapi. Taja folda: MUSO, ndani yake Mikopo, ndani yake faili. Majina hayo hayabadiliki.

Windows hutenganisha majina hayo kwa mkwaju ulioinamia nyuma, \, na Mac, Linux pamoja na simu za Android hutumia huu, /. Mwaka 1983, folda zilipoingia kwenye MS-DOS, mkwaju wa / ulikuwa tayari una kazi nyingine, Microsoft wakachukua ule wa pili. Uamuzi wa ofisini kule Marekani, na mpaka leo unamsumbua katibu wa Misisi! Ndiyo maana jina "Akiba 12/03" linakataliwa. Andika tarehe kwa vistari, mwaka ukitangulia: akiba-2025-03-12. Hapo faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Tumia pia herufi ndogo tupu, kwa sababu Linux huona "Akiba" na "akiba" kuwa vitu viwili, na Windows huona kimoja.

Kwenye simu, hati iliyokuja kwa WhatsApp inakaa ndani ya folda ya WhatsApp, mbali sana. Ihamishie kwenye folda ya kikundi siku hiyohiyo.

Tuje kwenye neno la siri. Ukifungua akaunti ya barua pepe ya kikundi dukani, ordinatere itauliza kama ilihifadhi neno lako. Kataa. Ni kweli Windows, Mac na simu zina kasha lao la kutunzia siri, lakini kasha hilo hufunguka kwa yule aliyeingia kwenye mashine, na dukani wateja wote wanaingia kwa mlango mmoja. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha tu hakutoshi. Kwenye simu yako mwenyewe kuhifadhi si vibaya, mradi skrini ina kufuli.

Wengine wanaandika namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money kwenye orodha ya majina ya simu ileile. Huo ni ufunguo uliofungwa kwa kamba kwenye sanduku lake. Namba ya pesa ikae kichwani mwako, hata mtoto asiipewe. Neno la akaunti ya kikundi liandikwe kwenye karatasi, liwekwe kwenye bahasha, na bahasha iingie ndani ya sanduku lenye makufuli matatu. Tayari tunalo.

Nakala ya pili ya faili ikae nyumba nyingine. Familia ngapi za Fizi zilivuka ziwa kwenda Kigoma, hadi kambi ya Nyarugusu, na mizigo ya kichwani tu?

Katika AVEC, kabla ya kufunga sanduku, wanachama hukariri jumla ya makuta yaliyomo, hata mama asiyesoma. Katibu ataje vilevile jina la faili, folda yake, na mama anayeshika nakala ya pili, wote wayakariri pamoja na jumla.