Malezi yanavyoathiri masomo ya vijana: Kutoka vibanda vya rika hadi geto

KATA ya Matwebe, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, ipo katika nchi ya migomba, chai na mvua nyingi. Kijana wa umri wa sekondari katika vilima hivyo huwa mwanafunzi asubuhi na mkulima jioni, na mara nyingi mzazi ndiye anayeamua lipi litangulie.

Suala la nani amlee kijana wa umri huo si geni kwa Wanyakyusa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe, Godfrey, katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa miaka 10 au 11 walivyoondoka nyumbani na kujenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika. Hata hivyo, hawakutelekezwa. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa utaratibu huo, aliyekonda au aliyekosekana alionekana mapema.

Leo watoto wengi wa vijijini nchini huondoka tena nyumbani, safari hii kwa sababu ya shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata, lakini kata ni pana na mabweni hayatoshi. Mzazi humpangia mwanawe chumba karibu na shule, maarufu kama geto, humwachia unga na fedha kidogo, kisha hurudi shambani. Hapo hakuna jiko la mama. Kwa msichana wa miaka 15, chumba kisicho na mlezi kinaweza kumgharimu zaidi ya alama za mtihani.

Lakini kuishi na mzazi pekee nako hakutoshi. Utafiti wa Sanford Dornbusch na wenzake kwa wanafunzi wa sekondari wa California, Marekani, uliochapishwa mwaka 1987, ulihusisha alama za chini na wazazi wakali wasiosikiliza, na vilevile na wale wanaoachia kila kitu. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa wa wazazi wanaoweka masharti na kueleza sababu zake, ingawa uhusiano huo haukuwa na nguvu sawa kwa jamii zote. Si vigumu kuona kwa nini: mtoto anayechapwa kila aletapo alama mbaya hujifunza kuficha ripoti, na asiyeulizwa kabisa huona shule ni shughuli yake peke yake.

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Kazi iliyobaki nyumbani haihitaji fedha nyingi: kumfahamu mwalimu wa darasa, kumwachia kijana saa moja ya jioni kabla ya kumtuma majani ya ng'ombe, na kufungua daftari lake. Hata mzazi asiyejua kusoma huweza kuziona kurasa tupu za wiki nzima.