Fahamu: Kazi inayoanza kwa kukutoza hela

“Hongera, umechaguliwa. Tuma 35,000 ya fomu na vipimo vya afya kabla ya saa kumi jioni.” Ujumbe wa namna hii unaweza kumfikia mhitimu wa chuo cha MUST jijini Mbeya au cha Mkwawa mjini Iringa aliyesambaza namba yake akisaka ajira.

Utapeli unafanyaje kazi?
Tapeli hutaka umlipe kwa pesa za simu. Ukilipa fomu, utadaiwa sare, kisha nauli. Muda mfupi anaokupa ni wa kukunyima nafasi ya kuuliza.

Utautambuaje?
Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kampuni kubwa, lakini anayepokea ni mtu binafsi? Acha hapo hapo. Ajira nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kuomba kupitia Ajira Portal ni bure. Wakala binafsi wa ajira aulizwe leseni. Unaweza pia kuuliza TAESA, huduma ya ajira ya serikali.

Umeshatuma?
Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, uombe muamala uzuiwe. Usifute ujumbe: utume kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ufuatishe namba ya tapeli. Kisha nenda polisi na kumbukumbu namba ya muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inauhesabu utapeli huu kuwa jinai.