Maji ya mvua yakipita mgodini, kuyachemsha hakutoshi

Biharamulo na Ngara hupata mvua misimu miwili kwa mwaka, vuli na masika. Kwa mkulima wa migomba na maharage hiyo ni heri. Kwa familia inayochota maji chini ya mteremko wenye mgodi, mvua hizo hizo zinahitaji tahadhari.

Tukisikia sumu ya mgodini, wengi tunamfikiria mchimbaji anayeshika zebaki kwa mkono mtupu. Hatari hiyo ipo. Lakini yako maji yanayoteremka yenyewe, usiku watu wamelala, hadi kwenye kisima cha mtu ambaye hajawahi kukanyaga mgodini.

Uchimbaji si mgeni huku. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, karibu na mpaka wa Ngara, ulianza uzalishaji mwaka 2005 kwa shimo la wazi, baadaye ukaingia chini ya ardhi. Tangu 2013 unamilikiwa na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kupitia STAMIGOLD. Wapo pia wachimbaji wadogo na maduara yao. Na Ngara kuna mradi wa nikeli wa Kabanga, uliopangwa kuwa mgodi wa chini ya ardhi.

Mgodi wa chini ya ardhi huonekana kama hauchafui, kwa kuwa shimo lake halionekani kwa mbali. Tatizo ni kinachotolewa: vifusi, na maji yanayopampiwa juu. Miamba mingi yenye dhahabu au nikeli ina salfaidi. Mojawapo ni lile jiwe la manjano linalong'aa na kumdanganya mchimbaji mgeni kuwa amepata dhahabu. Likiwa ardhini halina neno. Likipata hewa na mvua hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha arseniki, risasi na shaba zilizomo kwenye mwamba. Kazi hiyo huweza kuendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa.

Arseniki haina rangi, harufu wala ladha majini. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka huweza kuona madoa mwilini na ngozi kuwa ngumu viganjani na nyayoni, na saratani ya ngozi, mapafu au kibofu huweza kufuata. Zebaki inayosombwa na marudio hadi mtoni au bwawani hugeuzwa na vijidudu vya kwenye tope kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki. Mjamzito akimla samaki huyo mara kwa mara, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaoumia.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na dawa ya kutibu maji hufanya hivyo hivyo. Haviondoi metali. Maji yakichemka muda mrefu yanapungua, metali inabaki palepale.

Kwa hiyo kinga kubwa iko mgodini kwenyewe, na haihitaji mitambo ya ajabu. Mtaro uchimbwe upande wa juu ili maji safi yazunguke bila kugusa vifusi. Mdomo wa duara uinuliwe kwa tuta. Maji machafu yaingie kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nzito, na kabla ya masika bwawa liachwe na nafasi ya kupokea mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mwalo ulioko mtoni unavunja sheria hata kama mwenyewe ana leseni.

Plastiki hiyo si jambo dogo. Mei 2009, maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara, Tarime, yaliingia mto Tigithe. Kampuni ilieleza kuwa plastiki ya bwawa ilikuwa imeibwa. Ukiuziwa turubai lililotoka mgodini, usianikie mihogo juu yake.

Nyumbani, vuna maji ya bati na uyaache ya mvua ya kwanza yapite. Kisima kilicho chini ya mgodi kipimwe metali, si vijidudu tu. Ombi hilo lipitie serikali ya kijiji hadi kwa ofisa afya au RUWASA. Mkiona samaki wanaelea au mifugo inakufa ghafla baada ya mvua, acheni kuchota na mtoe taarifa siku hiyo hiyo. Msiile mizoga hiyo.

Na ukienda zahanati kwa mikono inayotetemeka, ganzi ya miguu au ngozi iliyobadilika, mwambie mganga unachota maji wapi na kama nyumbani kuna anayechenjua dhahabu. Asipoambiwa, si rahisi ayafikirie.